Nusu Sentimita ya Wopke

Jumatatu, 12 Januari
Faili langu la msimbo wa kompyuta limepotea tangu jana saa kumi jioni. Taarifa ya barafu ya kijiji chetu ni maandishi matupu. Katikati mna mstari mmoja unaoliita faili hilo, nalo husoma vipimo vya baridi na kuandika unene wa barafu kwa sentimita. Nimelitunga mwenyewe, mimi fundi baiskeli, bila kufundishwa na mtu! Leo penye unene pametoka: "Faili halipo." Hiltje, katibu wa klabu yetu ya kuteleza kwenye barafu, anasema alikuwa anapanga folda tu. Anapanga! Wopke, mpima barafu wa kijiji jirani, kapiga simu kuuliza kama barafu yetu imeibwa.

Jumanne, 13
Limepatikana kwenye folda ya picha za sherehe. Wopke anabembeleza: taarifa yake nayo iliite faili langu, hesabu zimemshinda. Nikakubali upesi. Chama cha mbio za kuteleza kwenye barafu husoma taarifa zote mbili saa sita mchana. Kijiji cha kwanza kufika sentimita tatu kinapewa mbio za kwanza za msimu. Miaka kumi na mmoja wanazichukua wao, kina Wopke. Basi!

Jumatano, 14
Nimeongeza mstari ndani ya faili: punguza nusu sentimita. Taarifa ya Wopke: 2.1. Maskini! Nikacheka hadi supu ya njegere ikapoa. Yetu: 2.2. Nikawalaumu bata kwa kuogelea na kuzuia maji yasigande.

Alhamisi, 15
Nimetoboa barafu, nikapima kwa rula: 3.2! Nikatoa taarifa: 2.7. Nikatoa tena. 2.7. Nikamlaani aliyetengeneza rula. Hiltje akaniuliza taratibu, kama anayesema na mgonjwa: Sjoerd, mzee wangu, taarifa mbili zikiita faili moja, utapata majibu mangapi? Saa sita ikapita nikiwa bado nautafuta mstari wangu mwenyewe. Wopke leo hakuliita faili kabisa. Eti ile 2.1 ilimchekesha, akapima kwa rula, akaandika 3.0 kwa kidole chake. Mbio ni zao.

Ijumaa, 16
Wopke kanishukuru mbele ya umati: faili langu limemfundisha kuiamini rula. Wakapiga makofi! Kosa langu lilikuwa kupunguza. Mstari mpya uko tayari: ongeza nusu sentimita. Atatukuta wapi? Lakini Hiltje kaifunga folda yenye faili. Nimemwandikia: unafungua au hufungui? Sitaki maelezo. Ndiyo au hapana, kabla ya saa kumi na mbili jioni ya leo.