Wimbo wa Minyoo Bandarini

Leo nimeumbuka.

Wenzangu wa Nyunzu, kaeni chini kwanza. Barua hii itapanda treni ya kesho, na ninamwomba Mama Ilunga awasomee kwa sauti ya chini, si ile yake ya kanisani. Nimeumbuka mbele ya bandari nzima ya Kalemie, mbele ya mkubwa aliyetoka Lubumbashi, na mbele ya mke wake. Na nimeumbuka kwa kufuata shauri langu mwenyewe, lile nililowapa ninyi.

Mnakumbuka mlivyoniandikia baada ya upepo kubeba paa la shule yenu. Mkasema sasa watoto wako nyumbani, mnawafundisha wenyewe, na kiangazi kimeingia. Mkauliza muwapeleke wapi bila kutoa hata likuta moja. Mimi nikajibu kama mtaalamu. Wapelekeni kwa fundi wa baiskeli, wajifunze duara. Wapelekeni stesheni, wahesabu mabehewa. Nikawaambia mji mzima ni shule, kazi ni kufungua macho tu. Maneno matamu. Sasa sikieni yaliyompata mwalimu wenu.

Mapasa wangu mnawajua, pacha Kyungu na Kabange. Kabange mguu wake mmoja ulilegea kwa homa alipokuwa anaanza kutembea, na shule iko juu ya kilima. Mwanzoni nilikuwa ninambeba mgongoni. Kisha watoto wakaanza kumwiga anavyotembea, na siku moja akaniambia haendi tena. Asubuhi iliyofuata Kyungu naye akavua viatu, akasema kama dada yake haendi, yeye pia haendi. Mapasa hawagawanywi, hilo hata babu zetu hawakulibishia. Ndiyo maana ninawasomesha nyumbani, na ukuta wa jikoni ndio ubao wetu.

Kabange anasoma vizuri kuliko nilivyosoma mimi. Lakini mbele ya watu hafungui mdomo. Mgeni akibisha hodi, anajificha nyuma ya Kyungu. Ndani ya ua anaimba kutwa, nje ya ua ni kimya. Hilo ndilo linaloniuma, si mguu.

Kiangazi hiki kila mmoja aliomba kitu kimoja. Kyungu aliomba kwenda Piana-Mwanga, akaone mahali umeme unapozaliwa. (Nilimwonyesha nguzo iliyo karibu na posta. Akaridhika nusu.) Kabange aliomba kuingia ndani ya meli. Kila siku anaziona kwa mbali, nyeupe juu ya ziwa, na anataka kujua watu wanalala wapi humo ndani. Nikamwahidi. Mama ukishaahidi, umefungwa.

Wiki iliyopita tukafika kwenye geti la bandari. Mlinzi akauliza karatasi. Karatasi gani? "Karatasi ya kuingilia." Hatukuwa nayo. Kabange hakulia. Aligeuka tu, akaanza kurudi nyumbani polepole, na mimi nyuma yake nikiutazama mgongo wake mdogo. Afadhali angelia.

Leo nikasema tutajaribu tena, na wasipotufungulia tutakaa nje ya geti tusome upepo. Somo la upepo halina gharama. Kila mtoto anashika kijiti chenye ukanda wa karatasi, anaangalia unapepea kuelekea wapi. Nikachukua na watoto wa jirani, maana mama yao alikuwa sokoni anauza samaki wa ndagala. Na ili wasinipotee njiani, nikawavalisha wote mashati niliyoyashona kwa pazia langu la zamani. Pazia la kijani.

Mmeshaona? Mimi sikuona. Watoto kwenye mstari mmoja, nguo za kijani kama bendera ya chama, mikononi vitu vya kupepea, na mbele yao mama mwenye kitambaa kichwani anaongoza wimbo. Kila mtu katika Zaire hii angejua hicho ni kitu gani, isipokuwa mimi.

Mlinzi ni yule yule. Alituona tukiwa bado mbali, akafungua geti lote, mpaka upande wa malori.

"Ninyi njo wa animasyo?" akauliza. "Muingie mbio, Mama. Mukubwa iko karibu kufika."

Animasyo, wenzangu. Wale wa kuimba na kucheza kila mkubwa anaposhuka mahali. Hapo ningesema hapana, na mngekuwa mnasoma barua nyingine. Lakini nikamtazama Kabange, naye alikuwa anatazama geti lililo wazi kana kwamba limefunguliwa kwa ajili yake.

"Asante, Papa," nikasema. (Sikudanganya. Nilishukuru tu.)

Ndani kulikuwa na zulia. Zulia bandarini, juu ya mafuta na magamba ya samaki. Watu wa ofisi wote walikuwa wamesimama, makoti yao ya abakosti yamefungwa mpaka shingoni, jasho linatiririka. Mtu wa protokoli akanikimbilia na leso mkononi.

"Mama, muko hawa tu? Na ngoma iko wapi?"

"Papa, sisi tulikuya kuona tu."

"Mutaona muzuri kabisa. Musimame hapa mbele."

Akatupanga yeye mwenyewe, akimshika kila mtoto mabega. Kabange alitaka kujificha nyuma ya Kyungu, lakini yule bwana akasema wadogo wakae mbele, akamweka katikati kabisa, kwenye ukingo wa zulia. Nikaona midomo ya mtoto wangu inatetemeka. Nikajilaumu. Nikasema moyoni, meli ikifunga gati tu tunatoroka.

Meli ikafunga. Ngazi ikateremshwa. Mkubwa akashuka, na kusema kweli tumbo ndilo lililoshuka kwanza, yeye akalifuata. Nyuma yake mke wake, mama mmoja mwenye mshono mzuri wa nguo na miwani ya jua. Wakakanyaga zulia, wakasimama mbele yetu. Wakangoja.

Kimya. Hata ndege wa ziwani walinyamaza, wasaliti wale.

"Mama, wimbo," akasema mtu wa protokoli bila kufungua meno.

Nyimbo za chama ninazijua. Nani asiyezijua? Tumeziimba mpaka mbuzi wa mtaa wanazijua. Lakini nilifungua mdomo na hapakutoka kitu. Kichwa kilikuwa kitupu kama sufuria ya mwisho wa mwezi. Watoto wakanitazama mimi, mimi nikaitazama miguu yangu, mtu wa protokoli akaitazama mbingu.

Ndipo nikasikia sauti. Ndogo, nyembamba, inatetemeka kidogo mwanzoni. Ilikuwa ya Kabange. Aliona mama yake amekwama, akanisaidia kwa wimbo anaoupenda kuliko zote, ule niliotunga mwenyewe kwa somo la usafi, ambao nyumbani tunamwimbia baba yao kila anapokaa mezani:

*Tumbo kubwa, tumbo kubwa,*
*si ya bukari, si ya samaki,*
*minyoo njo iko ndani,*
*inakula, inacheka.*
*Nawa mikono, Papa,*
*nawa mikono.*

Na wimbo una vitendo. (Mimi ndiye niliyeviweka. Nilisoma mahali kwamba mtoto hujifunza kwa mwili.) Kwenye "tumbo kubwa" unanyoosha kidole kwenye tumbo lililo mbele yako. Kyungu akaingia, watoto wa jirani wakaingia, na vidole vyote vikaelekea mahali pamoja. Kwenye "inacheka" wakatikisa vile vijiti vya upepo.

Ningeweza kuwazuia. Mkono wangu ulikwisha kufika nyuma ya kichwa cha Kabange, tayari kumziba mdomo. Nilimwogopa yule mkubwa, ninawaambia ukweli, watu wamepelekwa mbali kwa maneno madogo kuliko hayo. Lakini ile sauti ilikuwa imeacha kutetemeka. Sauti ambayo hakuna mtu wa Kalemie aliyewahi kuisikia nje ya ua wangu, ilikuwa inapita juu ya zulia lile na kwenda mpaka kwenye meli. Nikaurudisha mkono. Nikamwacha amalize, beti zote.

(Ndiyo, ziko beti tatu. Wa pili unahusu choo.)

Wimbo ukaisha. Watu wa ofisi wakaanza kuchunguza viatu vyao. Mkubwa akalitazama tumbo lake, akamtazama Kabange, akainama kwa shida.

"Nani njo alikufundisha ule wimbo?"

"Mama," akasema Kabange, akanionyesha kwa kijiti, asije akakosea mtu.

"Na mimi niko na minyoo?"

Mtoto akafikiri. Hakukimbilia nyuma ya Kyungu. Alifikiri kama anavyofikiri mbele ya ukuta wa jikoni ninapompa hesabu.

"Sijue, Papa. Unanawaka mikono mbele ya kula?"

"Mara moja moja."

"Basi pengine iko."

Mke wake ndiye aliyepasuka. Alivua miwani, akajishika mbavu, akanigeukia mimi kana kwamba tumekulia ua mmoja. "Mimi ninamuambiaka kila siku," akasema. "Kila siku, Mama. Anakataa." Kisha mkubwa mwenyewe akaanza kucheka, tumbo likatikisika, na hapo watu wa ofisi wote wakakumbuka kwamba na wao walikuwa wanataka kucheka.

"Mutoto," akasema mkubwa, "unataka nikupe nini?"

Mtu wa protokoli akamwinamia Kabange haraka, akamnong'oneza jibu linalofaa, la chama na taifa. Kabange alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Ninataka kuona ndani ya bato," akasema.

Baharia mmoja akaja kumbeba. Kabange akamkatalia. Ngazi ilikuwa na mwinuko mkali, na Kabange aliipanda mwenyewe, mguu mmoja, kisha mwingine akiuvuta, Kyungu nyuma yake amenyoosha mikono kama mtu anayengoja embe lidondoke. Mkubwa mzima wa Lubumbashi alisimama juani akingoja, na abakosti zote zikangoja pamoja naye. Hakuna aliyemwiga. Mimi nililia. Sisemi macho yalilowa, nililia kabisa, na nikajifutia shati la mtoto wa jirani.

Mngefikiri aibu yangu iliishia hapo. Haikuishia hapo.

Geti likafunguka tena, wakaingia animasyo wenyewe. Wa kweli, na ngoma, na vitenge vya chama, wakihema. Walikuwa wamengoja stesheni tangu asubuhi, maana mtu aliwaambia mkubwa anakuja kwa treni. Mbele yao Mama Mwamba, kiongozi wao, mwanamke ambaye hata mvua humwomba ruhusa.

"Nani ameimba pa nafasi yetu?" akauliza.

Mtu wa protokoli akaninyooshea kidole bila huruma.

"Mama Mapasa?" Mama Mwamba alinipima kuanzia kitambaa mpaka kandambili. "Umeimba nini?"

Kule juu melini watoto wote walikuwa wameshapanda, wamejipanga kwenye ukingo, Kabange katikati, na furaha imewazidi. Wakauanza upya. Tumbo kubwa, tumbo kubwa. Vidole safari hii vikamwelekea Mama Mwamba, ambaye naye, tuseme tu, hajakosa chakula. Wapiga ngoma wake wakajizuia ubeti wa kwanza. Ubeti wa choo ukawashinda. Wakapiga. Bandari nzima ikaimba wimbo wangu wa minyoo, mabaharia, wapagazi, na yule mlinzi wa geti, na mke wa mkubwa akiongoza "nawa mikono, Papa" huku akimtikisia mumewe kidole.

Kabla hajaondoka, mke wa mkubwa alimwita Mama Mwamba, akamwambia anataka kuusikia tena leo jioni kwenye chakula. Kwa hiyo Mama Mwamba, na sifa zake zote, alilazimika kuja kukaa kwenye kigoda cha jikoni kwangu mchana kujifunza minyoo. Mwalimu wake alikuwa Kabange. Alimrudisha mara nyingi kwenye vitendo. "Hapana, Mama, kidole njo kinatangulia," alimwambia, na Mama Mwamba akatii.

Kabla ya somo hilo, tukitoka bandarini, tulipita sokoni, na habari ilikuwa imetutangulia. "Mama Minyoo!" wakaniita wauza ndagala. "Uko wapi mukutano wako kesho?" Miaka yote ninajulikana kwa mapasa, jina la heshima. Sasa ninajulikana kwa minyoo. Nilifunika uso kwa kitambaa, nikatembea. Kabange hakufunika uso. Alikuwa anawaeleza wale akina mama kwamba mabaharia wanalala kwenye vitanda vilivyopandana, na kwamba wa chini ndiye mwenye bahati. Aliongea na watu asiowajua, njia nzima. Hata Kyungu alichoka kumsikiliza.

Jioni nikaleta beseni la maji ili tunawe kabla ya bukari, ugali wetu. Baba yao alinawa bila kuimbiwa, akinawa mpaka viwiko, kwa woga. Kabange akakung'uta mikono yake, akanitazama.

"Mama," akasema, "kesho tutaimbia nani?"

Wenzangu, nikampa bukari yake, nikaja kuwaandikia barua hii. Somo la upepo liendelezeni, ni zuri na halina gharama, ila mapazia ya kijani yaacheni dirishani. Na tukikutana, ninawasihi msinicheke. Atakayeshindwa kujizuia, anawe mikono kwanza.