Jinsi Nilivyoupata Uso wa Mpenzi

Jumatatu, 3 Februari 1597. Verona.
Nimeamua. Nafasi ya mpenzi kijana katika kundi letu la maigizo itakuwa yangu kabla ya Jumamosi, tutakapocheza tanzia mbele ya wakubwa wa mji. Penye nia pana njia! Miaka tisa nacheza mzee bahili, nimefunikwa barakoa ya ngozi. Fulgenzio, mwenye nafasi hiyo, anacheza uso wazi, wanawake wanamtupia maua. Lakini hufanyaje? Anamlilia msichana mmoja, mara kampenda mwingine, mara anaruka kwa furaha, mara anataka kufa. Yote jioni moja! Lazima nijue.

Jumanne, 4.
Nimemfuata tangu asubuhi. Sokoni kanunua kitunguu. Aha! Nami nikanunua vitatu, nikavinusa. Nimelia mpaka jioni. Kulia rahisi, kugeuka ndiyo kazi. Nikamwuliza waziwazi. Eti yeye hajigeuzi, moyo ndio hugeuka, uso unafuata. Mchoyo wa siri!

Alhamisi, 6.
Fulgenzio kalala baada ya chakula cha mchana. Nimefungua dirisha juu ya kichwa chake. Baridi ifanye kazi.

Ijumaa, 7.
Imefanya! Sauti hana. Bibi Drusilla, mkuu wa kundi, anayecheza binti, kauliza nani anayajua maneno. Nikaruka. Akasema haya Zanobi, lakini ukiniharibia, baba, utalijua jiji.

Jumamosi, 8.
Nimelia kwa mabega. Nimependa kwa magoti. Nimekata tamaa kwa viwiko. Watu wakacheka! Nikanywa sumu, wakazidi. Bibi Drusilla alitakiwa afe kifuani pangu kwa majonzi, akafa kwa hasira, na kiwiko chake mbavuni mwangu. Nyuma ya pazia kaniambia tangu mwanzo hadi mwisho hata nyusi zangu hazikutikisika, alidhani nimepooza. Kweli? Mbona ndani nilihisi yote? Imeniuma sana.

Jumapili, 9.
Fulgenzio kapona. Hata barakoa ya bahili nimenyang'anywa. Mimi sasa ni maiti inayopitishwa mwishoni mwa mchezo. Bibi anadhani kaniadhibu! Nitabebwa na watu wanne, wote wakinitazama, uso wazi. Ila nafasi ngumu hii. Maiti huanzaje na huzuni, ikafika kwenye raha? Lazima kuna hila. Kesho asubuhi namfuata mchimba makaburi.