Mkono wa Kulia kwa Anayejua

Jumatatu, 3 Februari

Wamenikatalia tena! Mara ya pili. Kamati ya vyeo imeandika aya tatu za adabu kunieleza kwamba mimi, Dakta Kwaku Asubonteng, miaka kumi na minne katika Kitivo cha Kilimo, bado sifai kuwa mhadhiri mwandamizi. Utafiti wangu hawana neno nao. Tatizo, eti, ni ufundishaji. Wanafunzi wamejaza fomu. Mmoja ameandika kwamba somo langu la Udongo humsaidia kupata usingizi. Mimi nililichukua kama sifa. Mtu mwenye wasiwasi hapati usingizi.

Sharti jipya: nihudhurie mazungumzo ya ufundishaji kila Jumatano, kwa Profesa Frimpomaa. Kisha yeye aje darasani kwangu, atazame, aandike barua. Barua ikiwa nzuri, napata cheo. Ikiwa mbaya, ningoje miaka mitatu mingine.

Ofisi ya jirani ni ya Dakta Okine. Alikuja chuoni miaka minne baada yangu. Tangu Desemba mlango wake una kibao cha shaba: Mhadhiri Mwandamizi. Kila asubuhi anakifuta vumbi la harmatani, ule upepo wa jangwani, kwa leso. Anahakikisha nimefika kwanza, ndipo anafuta.

Jumatano, 5 Februari

Mazungumzo ya kwanza. Watu tisa, viti vya duara, chai, na bofrot za moto, yale maandazi ya mviringo ambayo daktari amenikataza. Nikala matatu. Kabla ya kukaa nilisalimia kila mtu kwa mkono, kuanzia kulia kwenda kushoto, kama mtu aliyelelewa na wazazi.

Profesa Frimpomaa ana miaka sitini na minne. Amefundisha nusu ya walimu wa chuo hiki, na wote humwita Mama Profesa. Hahutubii. Anauliza swali, halafu anangoja. Hapo ndipo penye hatari. Sheria yake ni moja: kila mtu alete somo lake moja lililoharibika, wenzake wamsaidie kulifikiria. Hakuna kuhukumiana.

Akaanza Okine. Akasema siku moja alifundisha saa nzima, akagundua hakuna aliyeelewa hata neno, akaenda garini akalia. Akalia! Watu wakaguna kwa huruma. Mama Profesa akamshika bega. Yaani mtu anaharibu kazi na bado anatoka na sifa. Okine ni mjanja kupita kiasi.

Zamu yangu. Nikasema kwa unyenyekevu kwamba katika miaka kumi na minne sikumbuki somo lililoharibika. Mtu mmoja akaweka kikombe chini. Mama Profesa akaniuliza, sasa mwanangu, unajuaje kwamba wameelewa? Nikajibu kwamba mwisho wa kila kipindi huwauliza, tumeelewana? Nao hujibu kwa sauti moja, ndiyo Daktari! Okine akakohoa ndani ya chai yake.

Mama Profesa atakuja darasani kwangu Jumanne. Amesema hatatazama mengi. Atatazama tu, nikiuliza swali, mikono mingapi inanyanyuka.

Mikono! Darasani kwangu hakuna mkono ulionyanyuka tangu mwaka 2019, na ule ulikuwa wa kuomba ruhusa ya kutoka.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepata! Nilikuwa nanyoa ndevu, na wazo likaja lenyewe. Nikiuliza swali, wanyanyue mikono wote sitini na wawili. Wote! Anayejua jibu, mkono wa kulia. Asiyejua, mkono wa kushoto. Mimi nachagua wa kulia tu. Mgeni ataona msitu wa mikono na kusikia majibu sahihi matupu. Nilijikata kidevu kwa furaha.

Serwaa, mke wangu, alinisikiliza hadi mwisho huku akikoroga uji. Akauliza kwa nini nisiwafundishe tu, wakajua. Nikamweleza kwamba hiyo ni njia ndefu. Akasema, haya, shauri yako.

Nikamwita Memuna, kiongozi wa darasa. Mama wa watoto watatu kutoka Tamale, alikuwa afisa ugani miaka tisa kabla ya kurudi kusoma. Nikampa mpango wote. Akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyepanda juu ya paa. Nikaongeza kwamba kesho darasa zima litakula waakye, wali wa kunde, na mayai juu. Akasema atawafikishia ujumbe.

Ijumaa, 7 Februari

Mazoezi. Kazi safi! Mikono sitini na miwili juu, bila kukosa. Kweli, ya kulia ilikuwa minne tu, na hamsini na minane ya kushoto. Moyo ulinichoma kidogo kwa hiyo minne. Lakini nikajituliza: Mama Profesa hajui siri ya mikono, kwake mkono ni mkono. Walipokuwa wakinyanyua ya kushoto walicheka sana, wakasukumana mabega. Uchangamfu huo, nikajiambia. Tayari ufundishaji wangu umepanda.

Baadaye Memuna akabaki nyuma. Akauliza Mama Profesa atakaa wapi. Nikamwambia mwenyewe ameomba kukaa nyuma, lakini mimi sikulelewa hivyo. Mtu mzima kama yule akae nyuma na watoro? Nimeazima kiti cha mkuu wa kitivo, kile chenye mito. Nitakiweka mbele kabisa, kiwatazame wanafunzi, aione mikono vizuri. Memuna akaanza kusema, lakini Daktari, hao watu... Nikamkatiza. Waakye ilikuwa inapoa.

Jumamosi, 8 Februari

Msiba. Baba mkwe wa mkuu wa kitivo anazikwa, chuo kizima kimevaa nyeusi. Njiani nilimchomekea dereva mmoja wa teksi, kidogo tu, naye akanitolea kidole gumba! Kidole gumba, tusi la mama mzazi, mchana kweupe, mbele ya mke wangu! Nusura nishuke nipigane. Serwaa akanishika shati.

Tulimkuta Okine keshakaa pembeni ya Mama Profesa, anampepea kwa ratiba ya mazishi. Sikubali. Nikachukua chupa ya maji baridi nikaenda moja kwa moja. Mkono wa kulia ulikuwa na sahani ya wali, kwa hiyo nikampa kwa kushoto. Hakuipokea. Alitabasamu tu, akautazama ule mkono, akautazama, mpaka nikaweka sahani chini, nikaomba radhi, nikahamishia chupa kulia. Ndipo akapokea. Wazee wetu ni wagumu jamani! Okine akazidisha kupepea.

Jumanne, 11 Februari

Naandika nikiwa nimejifungia ofisini.

Asubuhi ilianza vizuri. Shati jipya, chaki mpya. Mama Profesa aliposita mbele ya kile kiti nilisisitiza, akakubali, akakaa. Uso kwa uso na darasa, hatua tatu kutoka safu ya mbele. Nikauliza swali la kwanza: kwa nini miche ya kakao hufa kiangazi kwenye udongo wa kichanga, hata ikimwagiliwa kila asubuhi?

Mikono ikapanda. Yote sitini na miwili! Nikamtazama Mama Profesa kwa fahari. Kisha nikageuka kuchagua.

Yote ilikuwa ya kulia.

Nikapitia safu ya mbele, ya kati, ya nyuma. Kulia, kulia, kulia. Kwa muda mfupi nilifurahi kweli: wamesoma! Nikamchagua kijana wa safu ya tatu. Akasimama, akasema hajui. Nikamchagua binti mwenye miwani. Hajui. Wa tatu naye akaomba radhi, hajui. Nikamkazia macho Memuna.

Memuna akasimama. Kwa adabu zote akasema, "Daktari, utuwie radhi. Tulijaribu. Lakini nani atamnyanyulia mzee kama Nana huyu mkono wa kushoto usoni? Mama zetu wakisikia watatuambia nini?"

Nikatamani ardhi ipasuke, hata hiyo ya kichanga. Mama Profesa akauliza taratibu, na huo wa kushoto ulikuwa wa kazi gani? Memuna hajui kusema uongo. Akamweleza yote, pamoja na waakye, pamoja na mayai.

Mama Profesa akacheka. Kicheko cha tumboni, hadi akatoa leso. Kisha akawaambia, haya wanangu, nafumba macho, sioni kitu. Wasiojua wanyanyue huo wa kushoto. Akafumba. Ikapanda hamsini na minane, bila kucheka safari hii. Akaniuliza, macho bado kayafumba, ni mingapi. Nikamwambia. Kumdanganya mzee aliyefumba macho kulinishinda. Akasema, basi wafundishe hao.

Nikafungua notsi zangu. Ukurasa ulisema: tazama mchoro. Mchoro ulipotea mwaka 2014. Nikanyamaza. Mama Profesa naye akangoja, kama kawaida yake. Mwishowe Memuna akaona afadhali aseme. Akaeleza kwamba alipokuwa afisa ugani wakulima walipanda ndizi kwanza, zitie kivuli, kwa sababu mchanga hauna cha kuyashika maji yakishuka. Kijana mmoja akapinga: kwao bibi yake hurundika maganda ya kakao kwenye shina, ndizi hana habari nazo. Binti mwenye miwani akauliza hayo maganda yanashikaje maji. Hapo wakavamiana! Mtu akaja ubaoni akanipokonya chaki. Dakika ishirini na tano. Hakuna aliyelala hata mmoja, na mimi sikufanya kazi yoyote.

Mama Profesa aliondoka bila kusema neno. Kwisha habari yangu. Miaka mitatu mingine ya kusoma kibao cha Okine.

Jumatano, 12 Februari

Niliamka mgonjwa. Serwaa akanivuta shuka, akasema ugonjwa huo dawa yake iko kwenye mazungumzo.

Nikaenda. Salamu kulia kwenda kushoto. Mama Profesa akaniomba niwasimulie wenzangu yaliyotokea jana. Nikatazama duara. Okine alikuwa ameegemea mbele, ana njaa ya aibu yangu. Mungu si Athumani! Neno likanijia. Nikasema kwamba jana nilijaribu njia niliyoibuni mwenyewe, inaitwa Mikono Miwili, ya kumpa mwanafunzi uhuru wa kukiri hajui. Nikasimulia mengine kama yalivyokuwa, ila nikaruka waakye.

Hakuna aliyecheka. Okine akatoa daftari! Akaniuliza ule wa kushoto unanyanyuliwa mwanzo au mwisho. Nilimjibu polepole, apate kuandika.

Mama Profesa hakunikana. Alisema tu kwamba katika miaka thelathini hajaona watu hamsini na wanane wakimwambia mwalimu wao kwa pamoja kwamba hawajui, na mwalimu akanyamaza hadi wakafundishana. Kisha akaniuliza, na wewe mwanangu, umejifunza nini? Nikasema, mengi sana. Akangoja. Nikachukua bofrot.

Baadaye, kwenye korido, akanionyesha barua. Imeandikwa tayari! Nimeikariri: "Dakta Asubonteng alinyamaza kwa dakika ishirini na tano, na lilikuwa somo zuri." Bado sahihi tu. Ataitia Jumanne, akija tena. Akasema wanyanyue mikono watakavyo, yeye anataka kuona kama nitawasikiliza wasiojua. Akaomba pia kile kiti. Mito imemfaa mgongo.

Ijumaa, 14 Februari

Siku njema kuliko zote mwaka huu. Nimemwagiza fundi kibao cha shaba. Kinazidi cha Okine kwa upana wa vidole viwili. Leo Okine amenisalimia yeye kwanza.

Nimekaa na kutafakari yaliyotokea Jumanne, kwa kichwa kilichotulia, kama Mama Profesa anavyotufundisha. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri. Kosa lilikuwa moja tu, mkono wa kushoto. Akili ni nywele, na mimi zangu bado zipo. Kuanzia sasa wote watanyanyua mkono wa kulia. Anayejua jibu atanyoosha vidole vyote vitano. Asiyejua atakunja vinne, abakize kidole gumba peke yake, akielekeze mbele nikione vizuri. Mimi nachagua vitano tu. Nimempa Memuna maagizo kwa maandishi, nikaondoka haraka kabla hajaniletea maswali yake.

Serwaa amesoma ukurasa huu begani kwangu. Sasa ameketi sakafuni, anacheka hadi anashika mbavu, anauliza Jumanne Mama Profesa atakaa wapi. Nimemwambia, mbele kabisa, kwenye kiti cha mito.