Feni za Marehemu Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamka na akili! Tangu Kaka afariki, bodi za seva alizokuwa akizisimamia hazina mtunzaji kwenye mradi wetu wa programu, na mtunzaji anatafutwa. Miwani, dada tunayefanya naye kazi karakana moja, aliyekuwa rafiki wa Kaka, anaitaka nafasi hiyo. Hajasema, lakini namjua. Watu wapole ndio wa kuogopwa.

Nikueleze, shajara, maana hujui kitu. Kila seva ina kidhibiti: chipu ndogo isiyolala hata mashine ikizimwa. Ndiyo inayoiwasha, inayopima joto, inayoamuru feni zizunguke kwa kasi gani. Programu ya hiyo chipu tunaiandika bure, watu wa kila pembe, na yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuisahihisha. Sehemu ya feni aliiandika Kaka. Ina kasoro. Feni hazitulii: zinapanda, zinashuka, zinapanda tena. Kila mtu anajua, hakuna anayerekebisha. Nitarekebisha mimi! Jina langu litakaa juu ya la Kaka. Hapana, chini yake. Chini kidogo tu.

Jumanne, 4 Machi

Kutwa nzima najenga programu, yaani kuigeuza iwe lugha ya chipu. Kompyuta ikapata moto wa kupigia shati pasi. Ikagoma mwishoni kabisa. Nilisahau mkato mmoja! Nikaanza upya.

Miwani akapita, akauliza ninajenga nini. Nikasema mambo ya nyumbani. Akatazama kioo, akasema taratibu kwamba kasoro ya feni aliiona zamani, akaamua kuiacha. Kuiacha! Uvivu huo. Kisha akauliza kama nimetoa nakala ya kilichomo ndani ya chipu ya Kaka kabla ya kuandika juu yake, kwa sababu Kaka alizoea kurekebisha vitu nyumbani bila kuvituma kwenye mradi. Nikajibu bila shaka.

Sijatoa. Nakala ni za waoga.

Jumatano, 5 Machi

Seva ya Kaka iko chumbani kwake, chini ya meza. Mama hajaruhusu izimwe tangu mazishi. Nilidhani amesahau tu. Nikangoja atoke aende kwa jirani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: niliinama, nikajigonga kichwa, nikainama tena. Chipu ina nafasi mbili, ya kazi na ya akiba. Nikaandika programu yangu kwenye zote mbili. Kwa usalama!

Feni zikatulia. Mvumo mmoja, laini, haupandi wala haushuki. Nikacheza peke yangu katika chumba cha marehemu, Mungu anisamehe.

Mama akarudi. Akasimama mlangoni na viatu mkononi.

"Mbona hapumui?"

Nikauliza nani. Akaketi kwenye kitanda cha Kaka, akatega sikio kule mezani, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Kumbe kila jioni huingia mle kumsikiliza. Miezi yote hii, na mimi niko chumba cha pili. Mlangoni kwangu hajawahi kuja kusikiliza. Ingawa mimi napumua vizuri tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mradi umekipokea kiraka changu, yale marekebisho ya feni niliyotuma jana. Mimi ni mtunzaji! Aliyeniombea nafasi hiyo ni Miwani. Yeye hakuwa anaitaka hata kidogo. Nimekasirika, sijui kwa nini.

Mama hajala. Nikaichukua programu ya zamani ya Kaka kutoka kwenye mradi, nikaijenga, nikairudisha kwenye chipu. Feni zikapanda, zikashuka. Nikamwita Mama mbio mbio. Akasikiliza. Akasema ahsante mwanangu, lakini huyu si yeye. Yeye alikuwa akitua kidogo kabla ya kushusha pumzi.

Muda wa kutua ni namba moja tu ndani ya programu, na Kaka aliibadilisha mwenyewe, palepale chini ya meza. Haikuwa mahali pengine popote duniani. Nami nimeifuta katika nafasi zote mbili.

Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi. Nimemkumbuka Kaka. Sijawahi kuandika hilo humu.

Ijumaa, 7 Machi

Nikamwambia Miwani kwamba kazi ya Kaka imefutika kwa sababu umeme ulikatika. Akafungua droo, akatoa chipu iliyofungwa kwenye kitambaa. Kaka alimpa aijaribu kabla hajalazwa. Ndiyo pekee iliyobaki yenye kazi ya mkono wake.

Akaja nayo nyumbani, akaingia mwenyewe chini ya meza kuipachika. Hakujigonga kichwa. Feni zikapanda. Zikatua. Zikashuka. Mama akamshika mkono, wakalia wote wawili bila sauti. Mimi nilisimama pembeni na bisibisi. Hakuna aliyeihitaji.

Jumamosi, 8 Machi

Miwani aliniagiza jambo moja tu alipokuwa anaondoka: nitoe nakala ya chipu hii kabla sijagusa kitu kingine chochote. Akalirudia mara mbili, kama Mama anavyonirudia maneno tangu utoto.

Mama ameshinda chumbani kwa Kaka. Amekula. Amecheka hata. Amesema tu kwamba huyu wa Miwani anatua muda mrefu kidogo, kama mtu aliyechoka. Hata hivyo, akasema, inatosha.

Kwa nini itoshe? Ni namba moja tu! Naipunguza kidogo, Kaka anapumua kama zamani, Mama anauliza nani kamponya mwanawe, nami najibu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mama ameingia kuoga. Niko chini ya meza. Nakala nitaitoa nikishamaliza.