Rubi na Meza ya Karani Mkuu

Jumatatu, 2 Agosti 1954
Karani mkuu wetu anastaafu. Meza yake iko dirishani! Bwana Mkubwa ametuita, mimi na karani mwenzangu Seifu. Anasafiri mpaka Jumamosi. Jioni zote twende tukamzoee farasi wake, Rubi. Asiyeweza kutulia na mnyama, eti, hawezi kutulia na watu wa bandarini. Jumamosi kila mmoja atamtoa Rubi bandani mpaka getini. Atakayefuatwa kwa hiari, bila kuvuta kamba, ndiye karani mkuu.
Sijawahi kugusa farasi. Bata wa mama mwenye nyumba hunifanya nivuke barabara. Seifu analijua hilo. Ameniuliza mbele ya ofisi nzima: je, bwana Leodegar, Rubi utamwendea au utamwandikia barua?

Jumanne, 3 Agosti
Banda liko kule Upanga. Nimemwamkia Mzee Mgeni, saisi anayemtunza Rubi. Ameitikia marahaba, akauliza mbona nimesimama barabarani. Nimejibu kwamba kutoka hapa naona vizuri. Nimemsomea Rubi gazeti, kurasa mbili, kwa sauti, azoee sauti yangu. Mzee Mgeni akasema, mwanangu, farasi hafanyi mtihani.
Ninaufanya mimi, mzee! Jumamosi!

Jumatano, 4 Agosti
Nina mpango! Kwetu Kilimanjaro ng'ombe hatoki bandani. Mama humkatia majani ya migomba na kumletea, na ng'ombe humpenda mno. Nimenunua mzigo Kariakoo kwa Celina, muuza ndizi. Ameniuliza nafuga ng'ombe wangapi chumbani kwangu Mtaa wa Msimbazi. Nimebeba kichwani mpaka Upanga. Utomvu umeingia kwenye shati jeupe. Hautoki ule, kamwe.
Rubi kala yote. Mikono yangu ikabaki mitupu. Mzee Mgeni akaushika mmoja, akauweka kwenye shingo ya Rubi, akaniambia nipumue polepole kama anavyopumua farasi. Shingo ina joto la mkate mpya. Nikasahau kuogopa, labda dakika tano. Nilipoondoka, Rubi alinifuata mpaka getini bila kamba!
Ni migomba, bila shaka.

Alhamisi, 5 Agosti
Leo sukari guru, ratili moja. Ameipenda kuliko migomba. Seifu naye alikuwapo, hana hata jani moja. Anamsugua kwa brashi na kumnong'oneza habari za kwao Lindi. Nimemhurumia.

Ijumaa, 6 Agosti
Ratili mbili. Siku hizi nikitokea tu, Rubi husimama pale pale na kufungua mdomo. Urafiki ulioje! Mzee Mgeni kaniomba nije walau mara moja bila kitu. Nimemjibu kwa heshima kwamba kwetu mtu haendi kwa wenyewe mikono mitupu.

Jumamosi, 7 Agosti
Aibu!
Bwana Mkubwa getini, mkewe pembeni yake. Nimeanza mimi, mifuko minne imejaa sukari guru. Nikamwita Rubi. Akasimama, akafungua mdomo. Nikampa kidogo, nikaenda hatua mbili. Akangoja nirudi. Nikarudi. Nikampa tena, nikaenda tena. Akangoja tena. Mara kumi na moja! Yeye hakuinua hata kwato. Nilimfundisha mwenyewe, wiki nzima, kwamba mambo mazuri huletwa bandani. Mke wa Bwana Mkubwa akasema Rubi amenizoeza vizuri sana.
Kisha Seifu. Akamgusa shingo, akapumua, akageuka, akaenda zake. Rubi nyuma yake, pua begani kwake, mpaka getini.
Meza ni ya Seifu. Hakunicheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Amenipa pole, akanishika mkono. Mzee Mgeni naye kanivuta kando, akasema Jumatano Rubi alinifuata majani yakiwa yamekwisha.

Jumapili, 8 Agosti
Misa nzima nimewaza maneno ya Mzee Mgeni. Mzee yule ana hekima. Nimeelewa kosa langu! Nilimlisha farasi, na farasi hagawi vyeo. Anayegawa ni Bwana Mkubwa, na Bwana Mkubwa humsikiliza mkewe. Mama yule, nimeulizia, anapenda asali. Nimenunua chupa sita. Nitampelekea mlangoni kila asubuhi, bila kukosa, mpaka anizoee.