Ombi la Kuvuliwa Sifa ya "Hana Kifani"

Kwako Baba Mkubwa Ngeleja,
Marui, Kisarawe.

Shikamoo. Huku Sofu sote ni wazima isipokuwa mimi, na kwa heshima zote, chanzo ni wewe. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa naishia kusema "ndiyo, Baba Mkubwa".

Likizo iliyopita nilikusomea karatasi ya dawa ya kupe iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ukasimama zizini ukawatangazia wafugaji wenzako: "Mtoto huyu kwa Kiingereza hana kifani!" Sasa nasikia Jumamosi anakuja daktari wa mifugo, mgeni asiyejua Kiswahili, na kijiji kizima kimeshaambiwa mkalimani ni mimi. Baba Mkubwa, mimi hata darasani hujibu swali nikiliangalia dawati.

Naomba univue neno hilo hadharani, kwa sababu hizi:

1. Mwalimu wetu anasema asiye na kifani hana wa kufanana naye, yuko peke yake. Lakini wewe sifa hiyo umeshampa fahali wako, tochi yako, na mchuzi wa Mama Mkubwa. Tumefika wanne.

2. Dada Rahabu ameacha kuniamsha asubuhi. Anasema, "Asiye na kifani ataamshwaje na sisi wenye vifani?" Nachelewa shule.

3. Mtu wa kawaida huunguza wali akasamehewa. Mimi nikiunguza, Mama anaita majirani: "Njooni mumwone asiye na kifani!"

4. Nikikosea neno moja mbele ya daktari, ng'ombe watanyweshwa dawa ya kuogeshea. Fahali atakufa. Mimi nitatoroka. Wasio na kifani watabaki wawili, tochi na mchuzi, na ukoo wetu utajivunia nini?

Kwa hiyo tangaza tu kwamba Kiingereza changu ni cha kawaida. "Anajitahidi" inanitosha kabisa.

Nisalimie Mama Mkubwa, watoto wote, na wale majirani walionipigia makofi bila kuelewa nilichosoma.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Elina

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua, Mama ametoka kuongea na Mama Mkubwa kwenye simu. Eti umeshapata mkalimani mwingine, Saburi wa Mzenga, na unamtangaza kuwa hana kifani. Saburi! Yule anayejibu "yesi" hata akiulizwa jina lake? Baba Mkubwa, usimpe kipaza sauti. Nakuja Ijumaa.