Kanda ya Harusi na Kitufe Chekundu

Jumatatu, 4 Machi
Mama watoto kaamka na jambo moja. Anataka kusikia sauti ya marehemu mama yake. Sauti yenyewe imebaki mahali pamoja tu: kanda ya video ya harusi ya binti yetu mkubwa, pale mama mkwe alipomuusia bi harusi. Kanda imeanza kuota ukungu. Shemeji, kaka yake mama watoto, akasema ipelekwe kwa fundi ihamishiwe kwenye kompyuta. Nikamuuliza, fundi wa nini na mimi nipo? Deki ya video ya kwanza mtaa huu ilikuwa yangu. Watu walivua viatu mlangoni kuja kuitazama. Shemeji akasema kweli, na mpaka leo saa yake inawaka sifuri tupu. Mtu mzima hajibu kila kitu.

Jumanne, 5 Machi
Nimepita kwa fundi. Si kuuliza, kusalimia tu. Kaniazima kidude cha kuunganisha deki na kompyuta. Akasema niiache deki icheze mwanzo mpaka mwisho, kurekodi ni kazi ya kompyuta. Nikaitikia. Lakini mafundi nawajua, hawakupi yote. Deki ina kitufe chekundu cha kurekodi. Kimewekwa pale kuwa pambo? Ubora unapotelea hapo hapo: upande mmoja unafanya kazi, wa pili umekaa unatazama.

Alhamisi, 7 Machi
Nimebonyeza chekundu. Deki ikaitema kanda. Nikairudisha, ikaitema tena, kama mtoto na dawa. Kuichunguza, mgongoni kuna kitundu, kijiplastiki kimevunjwa. Mama watoto akasema alikivunja yeye, wiki ile ile ya harusi, nisije nikarekodi mpira juu yake. Bila kijiplastiki hicho deki haikubali kurekodi kitu. Nimeumia. Miaka yote nalala na mtu asiyeniamini.

Jumamosi, 9 Machi
Mama watoto kaenda sokoni. Nikaziba kitundu kwa selotepu, nikabonyeza. Deki ikatii bila neno. Kwenye kompyuta ikaja rangi ya samawati, safi, haina hata chembe. Ubora ule sijawahi kuuona. Nikajinyoosha kwenye kochi kusubiri watu watokee.

Aliyetokea ni mama watoto. Akatazama kioo, akatazama kitufe, akachomoa waya ukutani. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa sakafuni, kanda kaipakata, akaniuliza taratibu nimefuta mpaka wapi. Nikasema sijui. Shemeji akaja akaichukua kanda, moja kwa moja kwa fundi. Mara hii nikamfungulia mlango.

Jumapili, 10 Machi
Fundi kamaliza, kaja nayo mwenyewe. Tukajaa sebuleni, binti yetu na mumewe nao wamo. Mama watoto mikono kaikunja.

Kwanza samawati. Ndefu. Kilichofutika ni mwanzo: keki, na hotuba yangu mimi baba wa bi harusi, yote. Hotuba ile watu walilia. Shemeji akasema ni kweli walilia, ilikuwa haiishi.

Mara samawati ikakatika, akatokea mama mkwe, kipaza sauti kakishika kama mwiko. Sauti ni yake kabisa. Akamwambia bi harusi: mwanangu, mume akikwambia anajua, muitikie, halafu kamwite fundi.

Mama watoto akacheka mpaka machozi yakamtiririka, akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Sebule nzima inanigeukia mimi, sijui kwa nini. Mimi nikamgeukia mkwe wangu. Kijana yule kweli mjuaji, mama mkwe alimwona mapema.

Jioni jirani kagonga. Kasikia hapa kwetu kanda zinahamishwa kwa ubora. Kaja na ya kwake, ya marehemu baba yake, hana nyingine. Akauliza au ampelekee fundi. Nikamwambia aiweke mezani, akalale.